Kabla Ucheke Huyo Mtoi, Soma Kosa Lake

Kuna aina moja ya kontenti ambayo haikosi watazamaji Kenya hii. Chukua mtoto wa shule, mpe kitabu, mwambie asome kwa sauti, rekodi. Akisema "rara" mahali pa "lala", tayari una klipu. Weka kicheko nyuma, andika "Wameru hawajawahi kutuangusha", posti. Kufikia jioni watu wamecheka hadi machozi, na wengi wao ni sisi wenyewe wa huku Mitunguu, Nkubu, Chuka na Embu, tukitumiana kwa grupu za familia.

Mimi sina karatasi ya ualimu. Hata hiyo ya chuo sikumaliza. Lakini nimekaa na watoi wa mtaa na vitabu vya hadithi kiasi cha kujua kitu kimoja: mtoto akikosea kusoma, amekupa ripoti nzima ya venye kichwa chake kinafanya kazi. Amekupa bure. Sisi tunaona shrabu tu. Na shuleni si eti mambo ni tofauti sana, ni vile huko badala ya kicheko kuna X nyekundu. X inakuambia jibu si lile. Haikuambii mtoto alikuwa anafikiria nini.

Wacha nikuonyeshe na mfano. Tuseme mwalimu ameleta picha ya mtoto mchanga amelala, akaambia darasa liandike sentensi moja. Anayotarajia ni: "Kitoto kile kimelala." Watoto watatu wanaleta hizi:

Wa kwanza: "Katoto kale kamelala."
Wa pili: "Kitoto ile imelala."
Wa tatu: "Kitoto kile kimerara."

X, X, X. Wote wamekosa, wote wanarudi kukaa. Kwa rejista ni sifuri tatu zinazofanana.

Sasa angalia vizuri. Huyo wa kwanza hajakosa sarufi. Ako na sarufi kali sana, ni vile ni ya nyumbani. Kimeru kina ngeli ya vitu vidogo: kaana ni mtoto, twana ni watoto. Amechukua hiyo "ka" akaibandika kwa mtoto, kisha akaipeleka hadi mwisho bila kuipoteza njiani: ka-toto, ka-le, ka-melala. Huo ndio upatanisho wa kisarufi ambao watu wazima wengi Nairobi wamewacha kitambo. Kile hajui ni kitu kimoja tu: Kiswahili sanifu, kwa vitu vidogo, kinatumia "ki" na "vi". Hilo ni somo la dakika kumi. Unamwambia, "Umepanga vizuri sana, sasa badilisha ka iwe ki kote." Kwisha.

Huyo wa pili ndiye wa kushughulikiwa. Jina amelipata, kitoto, lakini baada ya hapo amerudi kwa "ile" na "i" ya mtaani, ile tunatumia kwa kila kitu: gari imefika, kitabu imepotea, mtoto imelala. Huyu hajashika bado kwamba jina ndilo linaamua maneno mengine yatavaa nini. Hilo ni somo la wiki, pengine la muhula. Ukimpa lile la dakika kumi la mwenzake hutakuwa umemsaidia.

Wa tatu naye yuko sawa kabisa kwa sarufi. Shida yake ni sauti moja, r na l, ambayo imesumbua watu wa Mlima Kenya tangu zamani. Atahitaji zoezi la kusikia na kuandika, si kufundishwa ngeli upya.

Umeona? Sentensi tatu zina X moja lakini dawa ni tatu. Mwalimu aliyeandika X akaenda zake ametupa habari ambayo angeitumia kesho asubuhi.

Hapa kwetu hii kitu inafaa ieleweke haraka, kwa sababu tunaishi na ndizi. Mkulima wa Mitunguu akiona jani limekuwa manjano halichoreshi X. Anauliza: limeanza majani ya chini ama ya juu? Ni maji yamekosekana, ni mbolea, ama ni ugonjwa umeingia kwa shina? Manjano ya chini na manjano ya juu hayasemi kitu kimoja, na anayekosea kuyasoma anatumia pesa kwa dawa ambayo si yake. Mgomba tunauangalia hivyo. Mtoto je?

Wazo hili hata si jipya. Mwaka 1967 mtaalamu wa lugha anaitwa Pit Corder, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, aliandika makala juu ya umuhimu wa makosa ya wanaojifunza lugha. Alitenganisha vitu viwili. Kuna kuteleza: ulimi umekimbia, umechoka, unajua jibu lakini limetoka vibaya, na ukiambiwa rudia unajirekebisha. Halafu kuna kosa lenyewe: lina mpangilio, linajirudia kila mara kwa njia ileile, kwa sababu mwanafunzi ana kanuni yake kichwani na anaifuata. Corder akasema makosa ya aina hii ya pili yanasaidia mwalimu kujua mtoto amefika wapi, yanasaidia mtafiti kujua lugha inaingiaje kichwani, na yanasaidia mtoto mwenyewe, kwa sababu kwa kukosea anajaribu kanuni aone kama itashika. Katoto kale kamelala ni kanuni inajaribiwa.

Turudi kwa kusoma, kwa sababu huko ndiko kicheko kimejaa zaidi.

Kenya si nchi ambayo haijapima watoto wake. Kutoka 2009, Uwezo ilikuwa inatuma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba na karatasi za kiwango cha darasa la pili. Walienda manyumbani makusudi, ndio wapate hata mtoto ambaye hakuenda shule siku hiyo ama hajawahi kwenda. Mtoto anaanza chini anapanda: silabi, maneno, aya, hadithi, kisha maswali. Ripoti zao za miaka ile ya kwanza zilitikisa watu: kwa kila watoto 10 wa darasa la tatu, ni kama 3 tu waliweza kazi ya darasa la pili. Mwaka 2015 serikali ikaanzisha Tusome kwa shule za umma nchi nzima, na maafisa wa mtaala wakawa wanaingia darasani na tableti, wanachagua watoto wachache, wanasikiza kila mmoja akisoma, wanahesabu maneno sahihi kwa dakika. Kiwango cha kusoma vizuri kiliwekwa maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza.

Mtu anaweza kuuliza, kwani Kiswahili ndicho kigumu ndio tupewe 45? Hapana. Neno la Kiswahili ni kama matatu ya jioni, limebeba watu wengi. Chukua "hawatatusomea". Ndani yake kuna wale wanaokataa, kuna wakati ujao, kuna sisi tunaonyimwa, na kuna kusoma kwenyewe. Kwa Kiingereza ungetumia maneno kadhaa. Kwa hivyo maneno 45 ya Kiswahili si kazi ndogo.

Hizo namba ni muhimu, na sitaki mtu aseme nazidharau. Bila Uwezo, pengine bado tungekuwa tunadhani mtoto akiwa darasani basi anajua kusoma. Lakini namba inaweza kukuambia nyumba imeingiwa na maji bila kukuonyesha bomba limepasuka wapi. Ukitaka bomba, lazima usikize makosa yenyewe.

Tuseme kitabu kimeandika: "Mama alienda sokoni kununua kalamu." Sikiza watoto wanne.

Mmoja anasoma: "Mama arienda sokoni kununua karamu." Ukiwa na haraka utamkata maneno mawili. Lakini muulize, "Hiyo karamu ni ya nini?" Akikujibu "ya kuandikia", huyo amesoma. Kwa Kiswahili sanifu karamu ni sherehe ya kula, sawa, lakini yeye hakuona sherehe. Aliona kalamu akaitamka kama nyanya yake. Watu wanaopima kwa umakini hufundishwa wasimwadhibu mtoto kwa lafudhi. Imla ikija ndio utamshughulikia, kwa sababu kwa karatasi hiyo r itamkosesha alama.

Wa pili anasoma: "Mama alienda shambani kununua..." Anasimama. Anarudi nyuma. "...sokoni kununua kalamu." Huyu usimguse. Alikisia, akasikia shamba na kununua haviendi pamoja, akarudi mwenyewe kurekebisha. Kujirudi ni dalili nzuri kuliko zote. Ina maana anasoma na anajisikiza. Cha kusikitisha, darasani huyo ndiye huambiwa "acha kusitasita".

Wa tatu anasoma: "Mama alienda shambani kununua kalamu", na anaendelea tu bila wasiwasi. Huyu anaangalia picha na herufi ya kwanza, anajaza zingine kutoka kichwani. Ni mtoto mwerevu na anaweza kukudanganya hadi darasa la sita.

Wa nne anasoma kila neno sawasawa, haraka, sauti safi, hadi unataka kumpigia makofi. Unauliza, "Mama alienda kununua nini?" Kimya. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, kwa hivyo ukishajua silabi unaweza kutamka ukurasa mzima bila kuelewa chochote. Huyu ndiye hatari zaidi, kwa sababu hana kosa la kusikika. Hakuna mtu atamrekodi. Hakuna mtu atamcheka. Atapita katikati yetu akiwa hajui kusoma, na kadi yake ikisema yuko sawa.

Na yule wa tatu, mkisiaji, usimuonee huruma ya kumwacha hivyo. Kwa Kiswahili, maana mara nyingi imejificha katikati ya neno. Mbuzi amekula na mbuzi ameliwa, uliza mbuzi kama ni kitu kimoja. Sasa mpeleke huyo mkisiaji miaka kumi mbele. Ameajiriwa kwa shamba la ndizi ama nyanya hapa Mitunguu, ameshika chupa ya dawa, na maelezo ya Kiswahili yanasema "usichanganye". Yeye anaona "changany" katikati, anakisia zingine. Herufi tatu, u-s-i, ndizo zilikuwa zinamwambia asifanye. Hiyo ndio bei ya kosa ambalo darasa la tatu tulilipita.

Najua swali la mwalimu, na ni swali la haki: nina watoto 45, wakati mwingine 60, masomo yote ni yangu, nitasikiza nani? Hesabu ni hii. Watoto 3 kwa siku, dakika moja moja, pengine na dakika ya swali. Siku 15 za shule umemaliza watoto 45. Hizo ni wiki tatu. Muhula wa wiki 12 unampata kila mtoto mara 4. Vifaa ni daftari moja yenye safu tatu: kilichoandikwa, alichosoma, na kama alijirekebisha. Mwisho wa wiki tatu unaona kwa macho yako kwamba 12 wana shida ya r na l, 9 wanakisia, 6 wanatamka bila kuelewa. Sasa unajua Jumatatu unafundisha nini, na nani akae na nani.

Mzazi naye apewe hiyo habari. Kadi za mtaala mpya zinasema mtoto anazidisha matarajio, anafikisha, anakaribia, ama yuko mbali na matarajio. Sawa. Lakini mathe ambaye siku nzima alikuwa anapakia ndizi kwa lori akisoma "anakaribia matarajio", afanye nini nayo usiku? Mwandikie: "Anasoma vizuri ila anakisia mwisho wa maneno. Mwambie aonyeshe kila silabi kwa kidole." Hiyo hata kama mathe mwenyewe hakusoma sana, anaweza kuifanya jikoni sufuria ikichemka.

KNEC yenyewe, baada ya KCSE, hutoa ripoti inayoeleza watahiniwa walikosea wapi na kwa nini. Ni kazi nzuri na walimu wanaitumia. Lakini hiyo inafika wakati mwenye kosa ameshatoka shule, yuko steji anatafuta abiria. Tunahitaji ripoti hiyo wakati mtu bado ako na miaka minane.

Kuna watakaosema, "Kwa hivyo unataka watoto waachwe waongee venye wanataka?" La. Mtihani utaandikwa kwa Kiswahili sanifu na mtoto wa Mitunguu ana haki ya kukijua kama mtoto wa Mombasa. Mtoto anayeandika "cai" kwa sababu Kimeru huandika sauti hiyo kwa c peke yake lazima ajue kwamba Kiswahili kinaandika "chai". Msahihishe. Ninachosema ni usome kosa kwanza, ndio ujue unasahihisha nini. "Cai" si uzembe. Ni mtoto ambaye tayari anajua herufi na sauti zinaendaje, ameleta ujuzi wa lugha moja kwa nyingine.

Na sasa sisi wa kucheka. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuacha Mei 2025, aliandika kwenye kitabu chake cha 1986, *Decolonising the Mind*, venye enzi za ukoloni mtoto aliyepatikana akiongea lugha ya nyumbani shuleni alichapwa ama kuvishwa kibao shingoni cha kumwita mjinga. Tunasoma hayo tunakasirika. Lakini klipu yenye jina la shule, uso wa mtoto na kicheko cha watu elfu ni nini? Kile kibao cha zamani kilivuliwa jioni. Hiki cha simu hakivuliwi.

Na matokeo ni yaleyale. Mtoto aliyechekwa leo, kesho mwalimu akiuliza nani atasoma, anaangalia chini. Akinyamaza hatukosi kumsikia tu, tunakosa kosa lake, na kosa ndilo lilikuwa njia ya kumsaidia. Darasa la watoto wanaoogopa kukosea ni darasa ambalo mwalimu anafundisha gizani.

Halafu tuambiane ukweli. Sisi tunaocheka "katoto" ndio sisi tunasema tuko na kabiashara, tumenunua kaploti, tunatafuta kakitu ka jioni. Ka ni ileile. Tofauti ni kwamba wewe hakuna mtu amekushikia kitabu na kamera.

Kwa hivyo wikendi hii, kama kuna mtoi kwa nyumba ama kwa jirani, chukua kitabu chake cha hadithi, kaa naye dakika kumi. Mwache asome. Usimkatize. Andika maneno aliyokosa venye aliyatamka, weka alama pale alipojirudi mwenyewe. Akimaliza muulize maswali mawili juu ya hadithi. Halafu mpe hiyo karatasi mzazi wake ama mwalimu wake Jumatatu.

Na klipu ingine ikikufikia ya mtoto akishrabu, usiisambaze. Kama lazima uandike kitu hapo chini, andika kile huyo mtoto alijua.